Dada Tahadhari na Darasa la Viti Vitupu

Dada yangu amenizidi miaka kumi na moja, na tangu nipate akili sijamwona akitoka nyumbani bila tochi. Mchana kweupe, jua la utosi, yeye ana tochi mkobani. Ukimwuliza ya nini, anakujibu kwamba giza halitumi barua kabla ya kuingia. Mtaani wanamwita Dada Tahadhari, na jina hilo amelipokea kama cheo.

Mimi ni msusi. Kazi yangu naifanyia sebuleni, katika nyumba ambayo wazazi walituachia sisi wawili. Hakuna kati yetu aliyebaki na mume: wa kwake alifariki, wa kwangu nilimrudishia mama yake. Kwa hiyo tunaishi mimi, dada, na mapipa sita ya maji yaliyopangwa ukumbini, kiasi kwamba mteja mnene hupita kiubavu. Mlangoni kuna begi la dharura ambalo limenijeruhi vidole vya miguu kuliko kiatu chochote nilichowahi kuvaa. Chakula cha akiba nacho kina sheria yake. Kilichotangulia kuingia kabatini ndicho kinachotangulia kuliwa, ambayo maana yake ni kwamba kwa miaka sita mfululizo tumekula maharage ya mwaka jana, huku ya mwaka huu yakitungoja yazeeke.

Hakuzaliwa na wasiwasi huo. Aliutoa kazini. Kwa miaka ishirini na minane alipokea simu zimamoto, kiti kilekile, masikio yakiwa yamebanwa na vile vidude vya kusikilizia. Mtu anapiga simu akipiga kelele kwamba nyumba inaungua. Dada anamwuliza iko wapi. Yule anajibu, "Hapa kwetu." Kwenu wapi? "Hapa, karibu na kwa yule jamaa." Halafu simu inakatika. Dada ananiambia moto haukuwahi kumtisha. Kilichomtisha ni hilo neno "hapa kwetu", na gari la zimamoto likiwa limewasha injini halijui likate kulia au kushoto.

Alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani. Aliitundika, akaitazama wiki mbili, kisha akaenda kuomba chumba cha nyuma katika ukumbi wa jamii. Jumamosi, saa nne asubuhi, bure, kwa yeyote anayetaka kujifunza namna ya kujiokoa yeye na watu wake. Somo la kwanza lilikuwa kusema ulipo kwa sentensi tatu. Mwanafunzi anasimama, anajifanya anapiga simu, dada anajifanya anapokea. Atakayesema "hapa kwetu" anakaa chini na kuanza upya wiki inayofuata. Baada ya hapo huja begi, na baada ya begi huja karatasi ya familia, ambayo kila nyumba inajaza yenyewe: nani atamshika bibi mkono, nani atafunga gesi, mtakutana wapi mkipotezana.

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Mwezi uleule alioanza kulipita dhoruba iliyong'oa mabati ya mtaa mzima, na Jumamosi iliyofuata watu mia na kumi walijazana katika chumba cha watu arobaini. Wengine walisikilizia dirishani. Walinunua tochi hadi dukani zikaisha. Miezi miwili baadaye walikuwa sitini. Mabati mapya yalipoanza kupata kutu walikuwa kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa anakuja kwa sababu feni ya pale ilikuwa nzuri.

Halafu simu za watu zikajaa video ya mtu asiyejulikana aliyesema jua litazimika siku tatu. Chumba kikafurika tena, ila safari hii kwa watu wa namna nyingine. Bwana mmoja alitaka kujua achimbe handaki la kina gani chini ya jiko lake. Mwingine alijifunza kuwasha moto kwa kupekecha vijiti, akaungua viganja, na mfukoni alikuwa na kiberiti. Dada aliwapokea wote bila kucheka, akawasimamisha mmojammoja waseme walipo kwa sentensi tatu. Jua halikuzimika. Ligi ya mpira ikaanza, na wale wa handaki sikuwaona tena.

Mimi nilikuwa nimeshauelewa mchezo. Hofu ya watu ina msimu wake, ikipita huwezi kuirudisha kwa kubembeleza. Nilimwambia dada hivyo mara nyingi, naye kila mara aliniuliza swali moja: wewe karatasi yako umejaza? Sikuwa nimejaza. Katika miaka yote hiyo sikukanyaga darasani hata siku moja. Niliona kuishi na mwalimu kunatosha.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana hadithi hii bila kosa langu haiendi.

Msimamizi wa ukumbi tunamwita Bwana Funguo, kwa sababu ya lile rundo linalolia kiunoni kama punda mwenye kengele. Mkewe ni mteja wangu. Siku moja nimemkalisha, namsuka, umbea umenoga, akaniuliza dada anaendeleaje na darasa lake. Nami domo langu likaniwahi. Nikamwambia, "Dada yangu siku hizi anafundisha viti." Mwenzangu alicheka hadi kitana alichonishikia kikamtoka mkononi. Nilijiona hodari kweli. Hodari huyo huyo, siku tatu baadaye, ndiye aliyepokea barua mlangoni.

Barua ilikuwa na adabu zote. Ilisema uongozi wa ukumbi umepata habari kwamba chumba cha nyuma hakitumiki ipasavyo siku za Jumamosi. Kikundi cha kina mama wa mazoezi ya viungo kimekiomba. Kwa hiyo, iwapo Jumamosi ya mwisho ya mwezi watahudhuria watu wasiofika ishirini, chumba kitabadilishwa matumizi. Dada aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya redio. Jumapili hiyo, siku yake ya kubadilisha maji ya mapipa, kwa mara ya kwanza hakuyagusa. Nilipoona hivyo sikuweza kumtazama usoni, maana nilijua maneno "hakitumiki ipasavyo" yalitoka mdomo gani.

Nilijitahidi kurekebisha. Kila aliyekaa kwenye kiti changu nilimpigia debe. Wote walisema watakuja, na nyinyi mnajua "nitakuja" ya mtu anayesukwa ina uzito gani. Kichwa chake kiko mkononi mwako, atasema lolote. Jumamosi ya kabla ya ile ya mwisho walifika saba. Dada aliporudi hakuwasha hata taa. Alikaa juu ya pipa, viatu mkononi.

"Miaka sita," aliniambia. "Saba si tatizo, hata wangekuwa wawili ningefundisha. Tatizo langu ni wale wengine. Mia na kumi, mdogo wangu, na sitini, na wale wa jua. Sijui kama kuna hata mmoja aliyenisikia."

Nilimpokonya viatu, nikavipeleka chumbani kwake.

Jumanne, kama saa tano asubuhi, ghala la magodoro lililo mitaa ya chini lilishika moto. Hakuna aliyekuwa ndani, na hilo tulilijua baadaye tu. Tulichokiona sisi ni moshi mweusi ukipanda mzito, ukilala juu ya mapaa ya watu, na gari la kipaza sauti likipita na kuwaambia wakazi wa mitaa ile watoke majumbani mpaka watakapoambiwa warudi. Nilikuwa na mteja nusu kichwa amesukwa, nusu kichwa nywele zimesimama. Nikainuka. Nikachukua kitana. Nikachukua kioo changu kikubwa cha ukutani, nikakikumbatia, nikatoka mbio na kandambili moja, mteja nyuma yangu akiwa na taulo shingoni.

Dada alikuwa uani anasugua pipa. Alinitazama napita.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Huko unakokimbilia ndiko kwenye moshi. Upepo unaelekea bondeni, sisi tuko juu. Rudisha kioo."

Nikarudisha kioo. Na kabla sijapata ile kandambili ya pili, geti likagongwa.

Alikuwa ni mzee seremala wa mtaa wa tatu. Begani ana begi, mkono wa kulia amemshika jirani yake asiyeona, ambaye naye ana begi lake. Akamsalimu dada, akamtafutia mwenzake ubao wa kukalia, akasema, "Tumefika, mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyeitwa kikaoni. Dada akadhani wanataka maji. Akawapa maji. Geti likagongwa tena. Mama Pacha na mapacha wake, filimbi shingoni, viatu vimefungwa kamba vizuri. Nyuma yake kijana wa duka la vipuri na mama yake mzito akiwa kwenye toroli, amekaa kama malkia na mwavuli. Nyuma yao familia ya watu tisa, wakihesabiana kwa sauti: moja, mbili, tatu. Walimaliza tisa, baba akasema, "Tumetimia," wakakaa chini.

Hawakuacha kuja. Walijaa uani, wakajaa barazani, wakajipanga ukumbini kati ya mapipa. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Mteja wangu mwenye nusu kichwa ndiye pekee aliyelia, na sababu yake ilikuwa nywele. Nilihesabu sabini na wanane. Baadhi yao nilikuwa sijawaona tangu mwaka wa dhoruba, na mmoja alikuwa yule bwana wa handaki.

Hatimaye dada akapanda juu ya ndoo iliyofunikwa, akapiga makofi mawili ya kidarasa.

"Nimefurahi kuwaona. Lakini naomba kuuliza, nani aliyewaambia mje hapa?"

Wakamtazama kana kwamba ndiye anayewatania. Seremala akafungua mfuko wa pembeni wa begi lake, akatoa karatasi ya familia, imehifadhiwa kwenye plastiki. Dada akaisoma. Akaomba ya Mama Pacha. Akaomba ya wale tisa. Zote, penye mstari wa mahali pa kukutana, zilikuwa zimeandikwa maneno yaleyale: Kwa mwalimu, geti la bluu, mkabala na mashine ya kusaga. Ya yule bwana wa handaki ilikuwa kamili zaidi. Ilisema: Mfano, kwa mwalimu, geti la bluu, mkabala na mashine ya kusaga.

"Huu ulikuwa mfano," dada alisema. "Niliuandika ubaoni ili mwone namna ya kuandika. Nilisema kila mtu aandike mahali pake."

"Mwalimu," seremala akasema kwa upole, "kilichoandikwa ubaoni sisi huwa tunanakili."

Dada akashuka kwenye ndoo, akakaa juu yake, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mabega yakitikisika, na watu wakaanza kucheka naye bila kujua vizuri wanacheka nini. Sijamwona akicheka vile tangu astaafu.

Alipopata pumzi, ualimu ukamrudia. Kwa kuwa watu wapo na mabegi yapo, akayakagua. Alipita mmojammoja, miwani puani. Begi la seremala lilipata kumi juu ya kumi. La Mama Pacha lilikuwa na kila kitu isipokuwa betri za tochi, ambazo mapacha walikiri ziko kwenye rimoti ya televisheni. Mtu mmoja alibeba pasi. Akaulizwa pasi ya nini kwenye janga, akasema hata siku ya janga watu hupigwa picha. Wale tisa walikuwa na makopo ya samaki ambayo muda wake ulikwisha miaka miwili iliyopita, na dada aliwatazama kwa huzuni ya kweli, akaingia ndani, akatoka na makopo yetu. Nami nikapika. Kwa mara ya kwanza maharage ya mwaka huu yaliliwa mwaka huu, nayo ni matamu kumbe.

Nilikuwa nagawa sahani nilipomsikia akimwuliza seremala jambo ambalo najua lilimkaa rohoni.

"Mzee wangu, wewe uliacha kuja miaka minne sasa. Nilikukosea nini?"

Seremala alishangaa kwa dhati. "Hukunikosea. Si ulishanifundisha? Ningekuja kufanya nini tena?"

Dada alibaki ameshika sahani yake, akiangalia ule ua uliojaa watu waliokaa wametulia, watoto wao wakiwa na viatu, wazee wao wakiwa kivulini. Nilijua alichokuwa akikiona. Wale mia na kumi, na wale sitini, wote aliowalilia juu ya pipa. Nami nikaenda kuosha sufuria ambayo haikuwa chafu.

Jioni moto ulikwisha, watu wakaruhusiwa kurudi, wakatoka wakihesabiana. Kisha simu ya dada ikalia. Alikuwa mwenzake wa zamani, aliyerithi kiti chake zimamoto. Akamwambia kwamba siku nzima amepokea simu kutoka mitaa ile, na karibu wote walisema walipo kwa sentensi tatu, wengine wakaongeza rangi ya geti. "Nikajua hao ni watu wako," alimwambia. Dada alimshukuru, akakata simu, akaenda kubadilisha maji ya mapipa ijapokuwa ilikuwa Jumanne.

Ijumaa nilikuwa namsuka. Nikaona ni heri niseme wakati nimesimama nyuma yake asiuone uso wangu.

"Dada, ile barua. Ni mimi niliyemwambia mke wa Bwana Funguo kwamba unafundisha viti."

"Najua. Alinisimulia mwenyewe, akidhani nitacheka."

"Mbona hukunisema?"

"Ningekusema nini, nawe ulisema kweli? Viti vilikuwepo, watu hawakuwepo." Akainamisha kichwa nishike mstari mwingine wa nywele. "Kilichoniuma mimi si hicho. Mtaa mzima Jumanne ulijua pa kwenda. Aliyetoka mbio kuelekea kwenye moshi amekumbatia kioo ni mmoja tu, naye anaishi nyumbani kwangu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemjibu, ninavyojijua.

Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho ya mwezi nilifunga saluni, nikaenda. Nilikosa kiti. Bwana Funguo alisimama mlangoni akihesabu kwa kidole, alipofika sitini na moja akaacha, akatikisa rundo lake na kusema kwamba kina mama wa mazoezi watapewa Jumapili. Kisha yeye na mkewe wakatafuta pa kusimama karibu nami. Wengi walikuwa wageni, nyuso za hofu mpya, wale ambao kwa hesabu yangu wataisha kabla ya mabati kupata kutu. Nilimnong'oneza dada hivyo alipopita akigawa karatasi.

"Wataisha," alikubali. "Wakishajua, waende zao tu." Na alisema kama mtu anayezungumzia jambo jema.

Tulipofika kwenye mstari wa mahali pa kukutana, kalamu sitini zilikuwa juu, macho yote ubaoni. Dada alishika chaki, halafu akaiweka chini.

"Hapa siandiki mfano. Jumanne upepo ulitupendelea. Ungegeuka, ningekuwa nimewakusanya watu sabini na wanane ndani ya moshi. Kila mtu afikirie mwenyewe, pawe mahali pawili, upande huu wa upepo na upande ule."

Nami nikaitazama karatasi yangu. Nyumba yangu ni nyumba yake. Nikipotezana na mtu, nitapotezana na nani tena duniani? Nilifikiri sana, mimi ambaye huwa sifikiri sana, kisha nikaandika kwa herufi nzuri, nikampelekea.

Aliisoma akiwa amesimama. Nilikuwa nimeandika: Popote alipo dada.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. "Hili ni kosa," alisema. "Dada si mahali. Dada anaweza kuwa sokoni, anaweza kuwa benki. Zimamoto hawawezi kwenda popote alipo dada." Akanipa sifuri mbele ya Bwana Funguo na mkewe, sifuri kubwa yenye duara zuri. Ila karatasi yenyewe hakunirudishia. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba pamoja na tochi, akanipa nyingine, nikaanza upya.